Kopo la chakula lilivyoacha kurudi limejaa

Wiki tatu nzima kopo la mwanangu lilirudi kutoka shule limejaa: chungwa zima, karoti zimenyauka, maharage hayajaguswa. Nikamgombeza, wapi! Jioni moja nikamwambia, "Hebu lifungue nikuone." Akahangaika na kifuniko mpaka vidole vikawa vyekundu. Kumbe njaa alikuwa nayo, nguvu za kufungua ndizo hakuwa nazo, na chungwa hakujua kulimenya. Nikabadili kopo, chungwa nikawa namkatia vipande (vitamini C yake husaidia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyo kwenye maharage). Karoti ilibaki vita. Nikaacha kumlazimisha, nikawa naweka kipande kimoja tu kila siku. Kama mara ya 10 hivi, kikarudi kimeng'atwa. Siku hizi anapakia mwenyewe, mimi nakagua tu.