Kombe lenye tundu

Jumapili usiku, Moshi. Mvua imeanza tena na nguo zangu bado ziko kambani. Acha zilowe.

Tangu Alhamisi nina mfupa kichwani. Kwenye maabara ya anatomia nilipewa kombe la bega la kushoto, kavu, jepesi ajabu. Ukiliinua mbele ya dirisha, katikati linapitisha mwanga kama karatasi iliyofungiwa maandazi ya moto. Kazi yenyewe ilikuwa ndogo: taja kingo, taja pembe, rudisha mezani. Nikapitisha kidole kwenye ukingo wa juu kutafuta lile pengo lililo karibu na shina la korakoidi, ile ncha ya mfupa inayochomoza kuelekea mbele ya bega. Halikuwepo. Mahali pake palikuwa na tundu. Nilichomeka njiti ya kiberiti, ikatokea upande wa pili.

Kwa watu wengi pengo hilo liko wazi kwa juu, na kano fupi imelala juu yake kama daraja la mti juu ya mfereji. Neva ya supraskapula, mshipa wa fahamu unaotoka shingoni, hupita chini ya daraja. Ateri, mshipa wa damu wenye jina hilohilo, kwa kawaida hupita juu. Kuna watu ambao kano hiyo imegeuka mfupa, pengo likawa tundu. Daktari Rengachary na wenzake, mwaka 1979, waliyagawa maumbo ya pengo hili katika aina 6: ya kwanza karibu haina pengo, na ya 6 ndiyo hii yangu. (Ndiyo, nimeshaanza kuiita yangu.) Mchoro ukutani unaonyesha umbo moja tu, safi, kana kwamba sote tulifyatuliwa kwenye kalibu moja. Mchoro huo unaniudhi.

Kwenye tundu, neva haina pa kukwepea. Ikibanwa, mtu husikia maumivu mazito, ya ndani, juu na nyuma ya bega, na misuli miwili inayoitegemea hulegea: mmoja huanzisha kuinua mkono pembeni, mwingine huuzungusha mkono kwa nje. Ikikaa hivyo muda mrefu, misuli hukonda na mgongo wa kombe, lile tuta la mfupa nyuma yake, hujitokeza chini ya ngozi. Hata tiba hubadilika. Daktari wa upasuaji anayekwenda kukata kano laini atakuta mfupa unamsubiri, na mkasi hautamsaidia. Afadhali auone mapema kwenye picha ya CT.

Kinachonisumbua ni kwamba mfupa ule hauwezi kuniambia kama mwenyewe aliumwa. Wapo wanaotembea na tundu kama lile hadi uzeeni bila kujua. Huenda alichimba mitaro, akabeba watoto, akacheza ngoma, bega lisilalamike hata siku moja.

Leo nikapanda Marangu kumwona mjomba. Alikuwa mpagazi mlimani miaka mingi, mkoba mgongoni na mzigo mwingine kichwani. Bega lake la kulia linamsumbua siku nyingi. Nyumbani wanasema alilala vibaya, wanamchua na mafuta.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mama. Umekuja na mvua yako."

Nilimwomba avue shati. Juu ya mgongo wa kombe, upande wa kulia, pana bonde linalotosha kidole changu kulala. Kushoto pamejaa. Nikamwambia abane viwiko mbavuni, asukume viganja vyake kwa nje dhidi ya mikono yangu. Kushoto alinishinda. Kulia nilimrudisha kwa vidole viwili, naye akashangaa kuliko mimi.

"Unanipapasa kama mtu anayechagua ndafu," akasema.

Bonde linaweza kuletwa na mengi: kano ya msuli wa bega iliyochanika, shingo, mikanda ya mkoba iliyokandamiza neva kwa miaka. Tundu sijaliona, na mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili. Lakini "alilala vibaya" sikubali tena. Nilimwandikia kwenye karatasi mambo ya kumwambia daktari: limeanza lini, linauma wapi, mkono unashindwa kufanya nini. Akaikunja mara nne, akaitia kwenye mfuko wa shati.

"Nitakwenda tukishavuna kahawa."

Nikatazama shambani. Kahawa yenyewe bado kijani kitupu.