Tanuri langu la udongo Rau: kutoka msingi hadi mkate wa kwanza

Tanuri limekauka, limewashwa, na limeshatoa mkate unaolika. Naandika hatua zote sasa hivi kabla vipimo havijanitoka kichwani, maana daftari la mahesabu limelowa matope na kurasa zingine zimegandana.

Niko Rau, pembeni kidogo ya mji wa Moshi. Nilingoja masika iishe ndipo nianze. Wengi walinishauri nivute subira hadi Januari, jua likiwa kali, lakini mimi niliitaka Juni na Julai makusudi. Miezi hiyo kwetu ni ya baridi, mawingu yanashuka, jua linaonekana kwa kuchungulia, na udongo unakauka taratibu. Ukikaushwa haraka, ngozi ya nje inasinyaa huku ndani bado kumelowa, na hapo ndipo mipasuko mikubwa inapoanzia. Turubai la kukinga manyunyu lilitosha.

Msingi na sakafu

Mawe ya mlima huku si tatizo. Fundi alipandisha ukuta wa mviringo hadi usawa wa kiuno, katikati tukajaza kifusi na kushindilia. Kufikia hapo tukabishana.

"Bosi, tumwage zege juu, tupange tofali, kazi iendelee."

"Hapana fundi. Kwanza chupa."

Aliniangalia kama niliyepungukiwa. Lakini joto la sakafu halipandi juu tu, linashuka pia, na zege pamoja na kifusi chake lingelinyonya usiku kucha bila kushiba. Chupa tupu imejaa hewa iliyotulia, na hewa ya namna hiyo haipitishi joto kirahisi. Chupa za bia sahau, zina kreti yake na mwenyewe anazidai. Za mvinyo ndizo hazina mwenyewe. Hoteli zinazopokea wageni wa kupanda mlima huzitupa, na jamaa wa jikoni alifurahi kuona mtu anakuja kuzibeba. Nilizilaza zikiwa zimebanana, nafasi za katikati nikajaza pumba za mpunga zilizochanganywa na uji wa udongo. Pumba zilitoka huku tambarare, kunakolimwa mpunga wa umwagiliaji wa Lower Moshi.

Juu ya chupa nilimwaga mchanga wa sentimita 5, nikausawazisha kwa pima maji, kisha zikaja tofali za kuchoma. Tofali nilizichagua kwa kugonganisha mbili mbili. Inayolia kwa sauti kali imeiva, inayotoa sauti nzito ina ubichi ndani, weka kando. Hazikupakwa saruji wala udongo katikati, zimebanana zenyewe, ili siku moja ikivunjika niichomoe na kuweka nyingine. Fundi alitumia muda mrefu hapa akigonga kila pembe kwa mpini wa nyundo, kwa sababu tofali ikichomoza hata kidogo tu, koleo la kutolea mikate litakwama kila siku. Kwa hilo alikuwa sahihi na namshukuru.

Udongo

Hapa ndipo kazi ilipokuwa. Udongo mwekundu wa migombani kwetu unaonekana mzuri kwa macho, lakini ukiushika mkononi unavunjika punje punje, hauvutiki. Niliujaribu kwenye chupa ya plastiki: udongo theluthi, maji, chumvi kidogo, tikisa, acha. Mchanga unatua palepale, vumbi laini linafuata taratibu, na mfinyanzi wenyewe unaelea hadi kesho yake. Tabaka la mfinyanzi likawa jembamba la kusikitisha.

Jibu lilikuwa kichuguu. Mchwa hupandisha chembe laini kutoka chini na kuzigandisha kwa mate yao, ndiyo maana kichuguu hakisambaratiki kwa mvua. Vipo vingi ukishuka njia ya TPC, kwenye mashamba ya miwa. Mzee mmoja mwenye shamba huko aliniruhusu kuchukua kilichohamwa, kwa sharti nimsawazishie pale palipobaki. Udongo ule ukiuviringisha wembamba wa kidole na kuuzungushia kiganjani haukatiki. Niliuponda, nikauchekecha, nikauloweka kwenye pipa.

Mfinyanzi peke yake haufai, unasinyaa mno. Kipimo kilichonikubali ni ndoo 1 ya udongo kwa ndoo 3 za mchanga wa mtoni, mchanga wenye ukali mkononi, si ule laini wa kuteleza. Wewe usikinakili, kwa sababu kichuguu chako si changu. Tengeneza donge la ukubwa wa chungwa, liachie kutoka usawa wa kifua lianguke kwenye ardhi ngumu. Likitandazika kama ugali laini, maji yamezidi. Likisambaratika, mchanga umezidi au maji hayajatosha. Likibaki donge lenye nyufa chache, hapo umefika. Kukanda tulikanda kwa miguu juu ya turubai, watoto wa jirani wakiwa wa kwanza kuvua viatu. Usinunue mashine kwa kazi hii.

Kuba

Ndani nimeweka kipenyo cha sentimita 80, kimo cha kuba 42, na mlango sentimita 26. Kimo cha mlango ni kama asilimia 62 ya kimo cha kuba, na uwiano huo usiuchezee. Tanuri hili halina bomba la moshi: hewa baridi inaingia chini ya mlango, moshi unatokea juu ya mlango huohuo. Mlango ukiwa mrefu joto linakimbia, ukiwa mfupi moto unakosa pumzi na unabaki kutoa moshi tu.

Umbo la ndani ni rundo la mchanga mbichi lililofunikwa kwa magazeti yaliyoloweshwa. Juu yake nikapanga matonge ya udongo duru kwa duru, unene wa sentimita 10. Tonge hulisukumi kuelekea mchanga, unalishindilia chini, juu ya lile lililotangulia. Ukisukuma kwa ndani umbo linabonyea na kuba linakuwa na tumbo. Lilipokuwa gumu kiasi cha kutobonyea kwa kidole gumba, nilikata mlango kwa kisu na kuchota mchanga kwa mkono. Unachota taratibu mpaka unakutana na gazeti. Mimi nilikutana na msimamo wa ligi, umejichapa kinyumenyume kwenye dari ya udongo, unasomeka vizuri tu.

Tabaka la pili ni koti: uji mzito wa udongo uliochanganywa na maranda na pumba za mpunga, sentimita 10 nyingine. Ni jepesi, halina nguvu, na halitakiwi kuwa na nguvu. Kazi yake ni kuzuia joto lisitoke. Mabaki ya mimea yaliyo karibu na moto yataungua yenyewe na kuacha vitundu vya hewa. Jirani yangu aliona hili tabaka ni upotevu wa muda. Nami naona anayeliacha anajenga jiko la kupasha mtaa joto.

Moto wa kwanza

Niliwasha vijiti vya mikahawa iliyopogolewa, moto mdogo sana, kisha siku zilizofuata nikauongeza kidogo kidogo. Kuba lilitokwa jasho nje, matone kabisa, na mvuke ukapanda asubuhi ya baridi hadi mpita njia akauliza kama kuna kitu kinaungua. Ufa mmoja umetokea juu ya mlango na vingine vidogo mgongoni. Hiyo ni tabia ya udongo unaopanuka na kurudi, nimeziba kwa udongo uleule na sihangaiki nao.

Dalili ya kuwa tanuri limeshika moto ni masizi. Mwanzoni dari inakuwa nyeusi tii, kisha joto likipanda masizi yenyewe yanaungua na udongo unarudi mweupe, kuanzia kileleni kushuka. Likitakata lote, unakokota makaa nje, unafuta sakafu kwa tambara bichi kwenye mti, unaziba mlango kwa muda ili joto lisambae. Mkate unataka nyuzi 220 hadi 250. Sina kipimajoto, narusha unga wa ngano kidogo sakafuni. Ukiwa mweusi papo hapo, subiri. Ukigeuka kahawia taratibu, ingiza.

Mama alikuja kutoka Uru kuangalia. Akachungulia ndani, akanigeukia.

"Baba, mbona moto umeutoa wote? Mkate utaivaje?"

"Mama, unakumbuka keki ya sufuria, makaa juu na chini? Hapa makaa ni kuta zenyewe."

Hakunijibu. Alivuta kiti akakaa mbele ya mlango mpaka boflo zikatoka, akagonga moja chini kwa vidole, akaifunga kwenye kanga akaondoka nayo.

Baada ya mikate, joto lililobaki liliivisha machalari, yaani ndizi za kupika na nyama, kwenye chungu cha Usangi, na usiku maharage yalilala humo hadi asubuhi yakawa laini bila kijiti cha ziada. Ya mwisho kuingia huwa ni kuni za safari inayofuata, zikauke.

Kazi zilizobaki ni bati la kulifunika lipanuliwe upande wa mvua, kusiliba kwa udongo laini na kinyesi cha ng'ombe, na mlango wa ubao mnene wa mgrivelia ninaouloweka kabla ya kuutumia ili usiungue. Bati nalitaka kabla ya vuli, mengine yanangoja. Fundi naye ameniagiza nimtunzie chupa, ana mteja Soweto ya hapa Moshi anayetaka tanuri kama hili.