Je, Aliyeokoka Aweza Kupotea?

Hapa Moshi swali hili huzuka mara nyingi katika ibada za nyumba kwa nyumba, hasa mama anapouliza, Biblia ikiwa wazi mapajani, kama mwanawe aliyepata kipaimara lakini sasa haingii kanisani bado ni wa Kristo. Wapo wanaomjibu kwa Yohana 10:28, kwamba hakuna awezaye kuwapokonya kondoo mkononi mwa Yesu. Ndivyo ilivyofundisha Sinodi ya Dort ya 1618–1619, mkutano wa makanisa ya Kikalvini huko Uholanzi, na Wabaptisti wengi hushika hivyo hadi leo. Sisi Walutheri tumerithi neno jingine: Ungamo la Augsburg la 1530, tamko letu la imani, kifungu cha 12, linawakataa wanaosema kuwa aliyekwisha kuhesabiwa haki hawezi kumpoteza Roho Mtakatifu. Naamini limesema kweli, kwa kuwa Waebrania 6:4–6 inawataja watu waliomshiriki Roho kisha wakaanguka, na sioni namna ya kuwaita hao waumini wa juujuu bila kuyapotosha maandiko. Lakini (na kutolielewa hili kumewaumiza wengi) kuanguka huko si kila dhambi ya udhaifu. Petro alimkana Bwana mara tatu, naye akarejeshwa. Mama huyo aendelee kumwombea mwanawe, na mzee wa kanisa wa mtaa amfuate kijana nyumbani kwake.