Kinachowachekesha ni nini?

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Jumatano, baada ya darsa ya Alasiri hapa Ngamiani, binti mmoja katika wanafunzi wangu alibaki nyuma wenzake walipokwisha kuvaa viatu. Akanisogezea simu. "Ustadha, hebu sikiliza walivyomfanya babu wa watu." Nikamwambia nimeshasikia. Nani mji huu hajasikia? Alikuwa na hasira ya kweli, machozi yanamlengalenga, na akanieleza kwamba ameirusha sauti ile kwenye makundi yote aliyomo ili watu waungane, redio ifungiwe. Nikamuuliza ni makundi mangapi. Akahesabu kwa vidole, vidole vikamwishia. Kumi na moja.

Hiyo kumi na moja imenikaa kifuani mpaka leo Ijumaa.

Kwa walio mbali na Tanga, jambo lenyewe ni hili. Redio moja ina kipindi cha asubuhi ambacho huwapigia watu simu za mzaha. Wakampigia mzee mmoja, mvuvi. Mtangazaji akajifanya askari, akamwambia ngalawa yake imeonekana imepinduka nje ya kisiwa cha Yambe na kijana wake haonekani. Mzee akanyamaza kwanza. Kisha akasema maneno manne, sauti imemkatika. Maneno hayo sitayaandika, na sababu nitaieleza. Studio nzima ikaangua kicheko, akaambiwa ni utani tu, akatumiwa vocha, muziki ukapigwa.

Yale maneno manne yakawa msemo wa mji. Coastal Union ikifungwa Mkwakwani, watu wanayasema. Bei ya nyanya ikipanda Mgandini, wauzaji wanayasema. Vijana wa bodaboda wakikosa abiria wanaambiana. Wiki nzima tulicheka. Halafu mtu mmoja akaandika kwamba hili ni dhambi, na ghafla wote tukakasirika kwa pamoja. Redio ikaomba radhi. Na sauti ya mzee ikazidi kusambaa, safari hii ikibebwa na wenye uchungu.

Nikamketisha binti yangu, nikamhadithia kisa cha London cha mwaka 2008. Watangazaji wawili mashuhuri wa BBC, Russell Brand na Jonathan Ross, walikuwa wakirekodi kipindi cha redio. Walipanga kuzungumza kwa simu na mwigizaji mzee wa miaka 78, Andrew Sachs. Mzee huyo alizaliwa Berlin mwaka 1930. Baba yake alikuwa Myahudi, na mwaka 1938 familia ikakimbilia Uingereza kuukwepa utawala wa Hitler. Waingereza wakaja kumpenda kwa kuigiza mhudumu wa hoteli ambaye Kiingereza kinampiga chenga. Kuwachekesha watu ndiyo kazi iliyompa jina.

Siku hiyo hakupokea. Simu ikaangukia kwenye mashine ya kurekodi ujumbe, na wale wawili wakaanza kuiambia mashine. Wakamtaja mjukuu wake wa kike, wakayasema juu ya binti yule mambo ambayo babu hasikilizishwi, huku wakicheka. Wakapiga tena eti waombe radhi, na kila wakipiga wanaongeza la kuongeza.

Nataka mzitazame tarehe. Mambo hayo yalirekodiwa tarehe 15 Oktoba na kurushwa hewani tarehe 18. Mtu akikosea hewani papo hapo, twasema ulimi umemponyoka. Hapa zilipita siku tatu. Kulikuwa na watu ambao kazi yao ni kusikiliza kabla umma haujasikia, na jambo likapita mikononi mwao. Kila nikifika hapa namfikiria mtu mmoja ndani ya jengo lile, usiku wa kuamkia tarehe 18, ambaye angeweza kusema "hapana, mwenye mjukuu atasikia" na likaishia hapo.

Likarushwa. Malalamiko ya kwanza yaliyoifikia BBC yalikuwa mawili tu. Ilipofika tarehe 26, gazeti moja la Jumapili likaliandika, na ndani ya siku chache malalamiko yakawa makumi ya maelfu. Waziri Mkuu wa wakati huo, Gordon Brown, naye akakemea. Brand akajiuzulu tarehe 29, Ross akasimamishwa wiki 12 bila malipo, na mkuu wa idhaa ile ya Radio 2, Lesley Douglas, akaacha kazi. Mwaka uliofuata, mwezi Aprili, Ofcom, chombo kinachosimamia utangazaji kule, ikaitoza BBC faini ya pauni 150,000.

Ilikuwa haki waulizwe, na ilikuwa haki walipe. Ila linaloniumiza ni lile pengo la siku nane kati ya tarehe 18 na tarehe 26. Waliosikia wenyewe, kwa masikio yao, karibu wote walinyamaza. Waliopiga kelele wengi wao waliletewa habari na gazeti, na ili mtu akasirike ilibidi kwanza aelezwe kilichosemwa juu ya yule binti. Kwa hiyo kikaelezwa tena na tena, kwenye magazeti, kwenye televisheni, mezani watu wanapokunywa chai. Aibu iliyowekwa kwenye mashine ya babu yake ikawa ya nchi nzima, na ikavuka bahari. Mimi hapa Tanga nalijua jina la msichana yule, na sikuwahi kutaka kulijua.

Miaka minne baadaye, Desemba 2012, watangazaji wa redio moja ya Sydney waliipigia simu hospitali ya London alikolazwa mke wa Prince William, wakijifanya Malkia na Prince Charles. Ilikuwa alfajiri. Muuguzi aliyepokea akaiunganisha simu wodini. Hakufanya zaidi ya hilo. Dunia ikacheka siku mbili tatu, na yule mama wa watoto wawili akakutwa amefariki. Juu ya msiba huo sisemi zaidi, maana wana wake wapo.

Turudi kwetu. Imepokewa na Abu Dawud na Ahmad kwamba Maswahaba walikuwa safarini pamoja na Mtume, rehema na amani zimshukie. Mmoja wao akalala. Wenzake wakakiendea kitu chake wakakichukua. Katika riwaya moja ni kamba, katika nyingine ni mishale. Alipoamka akashituka, watu wakacheka. Mtume akauliza, "Kinachowachekesha ni nini?" Wakamwambia hakuna kitu, tumechukua tu mishale yake akashituka. Akasema haifai kwa Muislamu kumtisha Muislamu mwenzake.

Nimeisoma hadithi hiyo miaka mingi nikidhani inamhusu aliyechukua mishale. Wiki hii ndiyo nimeona swali linaelekezwa kwa nani. Aliyechukua huenda ni mmoja au wawili, ila waliocheka ni kundi, na kundi ndilo lililoulizwa. Na hatusomi kwamba yule aliyelala aliambiwa asiwe mwepesi wa kushituka. Sisi je? Tulimwambia mzee, "Babu, nawe, utani tu huo."

Mtume mwenyewe alitania. Mtu alimwomba mnyama wa kupanda, akamwambia atampandisha juu ya mtoto wa ngamia jike. Yule mtu akasema, nitafanya nini na mtoto wa ngamia? Akajibiwa, kwani kuna ngamia asiyezaliwa na ngamia? Aliyetaniwa akaondoka na ngamia wake na kicheko chake mwenyewe. Hakudanganywa wala hakutishwa.

Na sisi watu wa Tanga tunaujua utani wa haki. Marehemu baba yangu, Mzigua, alikuwa na mtani wake Mnyamwezi aliyeletwa huku na kazi za mkonge. Mzee yule akiingia kwetu anakamata kuku bila kuuliza, anamwita baba majina ambayo mwingine angeyatamka tungegombana. Baba akienda kwake analipiza. Siku baba alipofariki, yule mtani alifika kabla ya wajomba zangu, akaingia kaburini kwa mikono yake kumpokea. Utani una zamu, leo yangu kesho yako, na wenyewe mnajuana. Mzee wa simu angelipiza kwa nani? Hakuwajua hata kwa sura.

Binti akaniuliza, na aliuliza vizuri: "Sasa tunyamaze, Ustadha?"

La. Redio iliyomliza mtu ishitakiwe. Andika barua kwa redio yenyewe, na usiporidhika nenda TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano, wana Kamati ya Maudhui kwa ajili ya mambo hayohayo. Barua itataja kipindi, siku na saa. Kupeleka barua hiyo hakumlazimishi shangazi yako wa Muheza asikilize kilio cha mzee wa watu. Katika Suratun Nur, Mwenyezi Mungu anawaambia waumini wa Madina, juu ya ule uzushi aliosingiziwa Bibi Aisha, kwamba walilipokea jambo kwa ndimi zao, wakalidhani dogo, na kumbe mbele Yake ni kubwa. Jambo hupokewa kwa masikio, lakini aya inasema kwa ndimi. Yaani baina ya kusikia na kusema hapakuwa na kituo hata cha kuvuta pumzi. Na miongoni mwa waliolibeba alikuwemo Mistah, mtu aliyepigana Badri. Bibi Aisha alikuwa mgonjwa kitandani, mji unazungumza karibu mwezi mzima, yeye hajui.

Simu zetu zimekifuta kile kituo kabisa. Kidole kinagusa mara mbili, limeshafika kumi na moja.

Sasa langu. Nilipoisikia sauti ile mara ya kwanza nilitikisa kichwa, nikasema astaghfirullah. Siku tatu baadaye wali wangu uliungua, na wajukuu walikuwepo jikoni, na nikayasema yale maneno manne. Kwa sauti yake, nikiigiza ule mkatiko. Watoto wakacheka na mimi nikacheka. Sikukumbuka kabisa mpaka binti alipofika kidole cha mwisho.

Jana asubuhi nilikwenda Deep Sea, mahali boti zinapoteremsha samaki. Nikamkuta yule mzee amekaa kwenye kivuli, anasafisha ndoana. Nikamwamkia, "Shikamoo, babu." Akaitikia marahaba bila kuinua macho. Nadhani siku hizi anasubiri kwanza kusikia mtu atamalizia na nini. Nikamweleza kilichonileta, kwamba na mimi niliyasema, nyumbani kwangu, mbele ya watoto.

Alikaa kimya muda mrefu, nikadhani hatanijibu. Kisha akaniuliza kama nilijua kuwa alikuwa na mtoto mwingine. Sikujua. Akanieleza. Mwaka aliozama mtoto huyo, mzee alikuwa pwani na wenzake, na alipoletewa habari yale maneno manne ndiyo aliyoyasema, yaleyale. Simu ilipoita na askari wa uongo akaanza kusema, mdomo ukayatoa wenyewe kabla hajafikiri. Miaka yote hiyo yalikuwa yake na mkewe peke yao. Sasa mkewe hatoki tena kwenda sokoni, maana anayasikia kwa wauza nyanya.

Nikamwomba anisamehe. Akasema amenisamehe mimi, kwa kuwa nimekuja. Wale wa redio hakuwataja, na sikumuuliza. Nilitaka kumkumbusha aya iliyoshuka Abubakar, baba yake Bibi Aisha, alipoapa kutomsaidia tena Mistah, ile inayouliza, je, hampendi Mwenyezi Mungu awasamehe? Nikaona si mahali pangu kuisoma, mimi niliyekwenda kuomba.

Nikamuuliza kama ataniruhusu niandike juu ya jambo hili, bila jina lake. Akafikiri, akasema andika, ila yale maneno usiyaandike. Nikamwahidi.

Binti yangu amekwisha kuanza kuyapitia yale makundi, moja baada ya jingine, anaomba watu waifute sauti. Jana usiku aliniambia amefika la saba. Wengine wamefuta, wengine wamemjibu kwa yale maneno manne. Leo baada ya Swala tutakaa wawili, yeye na mimi, tumalizie manne yaliyobaki. Mwenye sauti ile kwenye simu yake, namwomba naye aifute, na wajukuu zake awaambie kwa nini.