Kabla ya kisu cha kwanza

Jioni hii mawazo yangu yote yako kwenye uvimbe usiouma. Unaouma humfikisha mtu hospitali. Usiouma huachwa uendelee, na sakoma ya nyama laini kwa kawaida haiumi mwanzoni. Huota ndani ya paja huku mwenyewe akilima na kupanda boda kama kawaida, mpaka suruali inapoanza kumbana upande mmoja.

Sakoma ni saratani ya tishu unganishi, zile zinazoushikilia mwili: mfupa, gegedu, misuli, mafuta, kano, mishipa ya damu. Kwa watu wazima ni takribani saratani 1 katika kila 100, na aina zake zinazidi 70. Daktari wa kituo cha afya huona vivimbe vya mafuta visivyo na madhara mara kwa mara, na sakoma mara chache mno. Ndiyo maana ni rahisi kuipa jina lisilo lake.

Dalili za kumzuia asiharakishe zipo. Pima uvimbe kwa tepu ya fundi cherehani: ukizidi sentimita 5, shuku. Ukiwa unakua, shuku. Ukiwa umerudi baada ya kukatwa, shuku zaidi. Kisha mwambie mgonjwa akaze misuli. Uvimbe ulio juu ya misuli huendelea kuchezacheza chini ya vidole, ulio ndani hukwama au hujificha. Hata dalili moja inatosha kutaka picha kabla ya kisu, na MRI, picha ya mashine ya sumaku, ikipatikana.

Hapa ndipo mambo huharibika, na huniuma kila nikiyafikiria. Sakoma ikikua huigandamiza nyama iliyo kando yake mpaka inapata kitu kinachofanana na ganda. Daktari akipasua, uvimbe hutoka vizuri, laini, kama kokwa la parachichi. Kila mtu hufurahi. Lakini lile ganda lenyewe lina seli za saratani, na zilizobaki ndani ya kidonda huota upya, safari hii zikiwa zimetawanyika. Upasuaji sahihi huutoa uvimbe ukiwa bado umefunikwa na nyama nzima pande zote, bila kuuona wala kuufungua.

Kwa hiyo kwanza huchukuliwa kipande kidogo, kwa sindano nene. Ikibidi kuchana ngozi ya mkono au mguu, mchano ufuate urefu wa kiungo, kamwe usikikate kwa upana, kwa sababu njia yote iliyopita sindano au kisu itaondolewa pamoja na uvimbe siku ya upasuaji mkubwa. Anayechukua kipande ashauriane na atakayefanya upasuaji huo.

Ukikabidhiwa kichupa ukipeleke maabara, kiangalie kabla ya kuondoka. Kipande kielee kwenye formalini, dawa ya kuhifadhi nyama isioze, ya asilimia 10, iliyo mara 10 ya ujazo wake. Kikiwekwa kwenye maji au kikifungwa kwa kitambaa cha kidonda tu, kitaoza njiani na safari yote ya Kampala itakuwa bure. Fomu ionyeshe umri, mahali, upande wa kulia au kushoto, ukubwa na tarehe. Kama ni mfupa, peleka na eksirei. Mtaalamu wa patholojia anaihitaji ili asome kipande sawasawa.

Mfupa una tabia yake. Osteosakoma, yaani sakoma ya mfupa, huwapata zaidi vijana walio katika umri wa kukua, na mara nyingi hukaa karibu na goti. Kwa kuwa umri huo ni wa mpira, maumivu husingiziwa teke. Jeraha la mpira hupoa siku zikipita. Maumivu haya huongezeka na humwamsha kijana usiku. Yakifika wiki ya tatu, piga eksirei ya goti zima, kwa mbele na kwa ubavu. Msimpeleke kuchuliwa. Mfupa wenye saratani ni dhaifu na huvunjika kirahisi, na miezi inayopotea kwa mganga wa mifupa hairudi.

Wazazi huogopa zaidi neno kukatwa mguu, na wengine hutoroka na mtoto. Ninawaelewa. Lakini dawa ya saratani peke yake haiponyi osteosakoma, na kisu peke yake hakitoshi. Kabla ya miaka ya 1970, wengi waliokatwa mguu bila dawa walifariki kwa saratani iliyokwisha kuingia mapafuni. Sakoma nyingi husafiri kwa damu hadi kwenye mapafu, kwa hiyo kifua hupigwa picha mwanzoni, na huendelea kufuatiliwa hata baada ya kidonda kupona.

Kisha kuna sakoma ya Kaposi, inayoonekana zaidi kwenye ngozi, iliyojulikana sana Uganda hata kabla ya UKIMWI; mkutano wa kimataifa juu yake ulifanyika Kampala mwaka 1961. Virusi vinavyoileta viligunduliwa mwaka 1994. Kwenye ngozi yetu madoa yake huonekana ya kahawia iliyoiva au meusi, hayawashi wala hayaumi. Fungua mdomo utazame kaakaa. Miguu iliyovimba na kuwa migumu nayo ichunguzwe, na anayekohoa damu asisubiri kliniki ya mwezi ujao. Kwa mwenye VVU, ARV ndizo msingi, na ugonjwa ukiwa umeenea huongezwa paklitakseli, dawa ya saratani. Wengine huonekana kuzidiwa wiki za kwanza za ARV, wakaziacha kwa hofu. Wasiziache, warudi kliniki waangaliwe. Na ukiandikiwa prednisolone kwa ajili ya kikohozi au uvimbe, mwambie daktari kwamba una Kaposi kabla ya kumeza kidonge cha kwanza, kwa sababu dawa hiyo huweza kuichochea.