Mgongo wa kaka

Leo alasiri nimesali nimekaa kitini, kama wazee. Mapaja yamekuwa magogo. Kosa ni la baiskeli, na la kaka, na langu mie niliyeitika "twende" alipouliza kwa utani.

Baiskeli yenyewe ni ile ndefu ya watu wawili, iliyoshuka na kontena la mitumba ikakaa miezi haina mnunuzi. Nani Pemba atanunua kitu kile? Kaka akakinunua. Friwili yake ilikuwa imekufa, unakanyaga na gurudumu halina habari. Nyingine ya kuingia pale haikupatikana mjini Chake Chake, na fundi, kwa kuwa mashine ya kuchomea alikuwa nayo karibu, akauliza, "Niichomelee?" Kaka akamwambia chomelea. Mie sikuulizwa.

Friwili ndiyo inayomruhusu mtu atulize miguu huku baiskeli inakwenda. Ikishachomelewa, gurudumu la nyuma na pedali ni kitu kimoja: likizunguka, nazo zinazunguka, utake usitake. Na baiskeli ya wawili ina cheni ya pili, upande wa kushoto, inayofunga pedali za mbele na za nyuma pamoja. Kwa hiyo miguu yangu, miguu ya kaka na lile gurudumu, vyote vimefungwa kamba moja. Suruali unaichomeka ndani ya soksi, mguu wa kulia na wa kushoto, maana cheni ikidaka kitambaa haisimami kukuomba radhi.

Najua wako waliozipenda kwa hiari yao. Baiskeli za wawili zisizo na friwili zilitumika kwenye mashindano ya Olimpiki hadi Munich, mwaka 1972. Lakini wale walizunguka uwanjani. Hawakuwa na safari ya Wete.

Mtu wa Unguja ukimtajia milima ya Pemba hucheka. Ni kweli, mlima wa maana hatuna. Tuna vilima, na havishi. Unashuka kwenye bonde la mpunga, unapanda kwenye mikarafuu, hujapata pumzi unashuka tena. Kwenye gari huoni kitu.

Tuliondoka Chake baada ya alfajiri. Kaka mbele, ana usukani na breki zote mbili. Mie nyuma, nina mgongo wake. Hicho ndicho nilichokiona njia nzima: fulana ya buluu inayolowa kuanzia katikati ya mabega. Tulipoipita Gombani, mteremko wa kwanza ukatupokea. Kwa meno 42 mbele na 18 nyuma, mzunguko mmoja wa pedali unatupeleka kama mita 5, basi ukifika kilomita 30 kwa saa miguu inakwenda mara 100 kwa dakika. Hesabu hiyo nimeifanya sasa hivi, nimekaa. Pale nilikuwa nimeng'ang'ania usukani usiogeuka, makalio yanaruka, nikisoma kila aya niliyoihifadhi chuoni. "Usishindane nazo!" kaka akapiga kelele. "Ziache zikuzungushe!" Nilipolegeza magoti ikawa kweli nafuu. Nilipojaribu kuzizuia ndipo ziliponirusha.

Watoto walituona wakaanza kukimbia pembeni: "Jongoo! Jongoo!" Jina limeshapatikana.

Kwenye kupanda ndiko kwenye habari. Huna gia nyepesi ya kukimbilia, una uzito wako tu, na mkisimama juu ya pedali msimame pamoja, la sivyo mmoja anamyumbisha mwenziwe. Kilima cha tatu au cha nne, tumesimama, tunakwenda polepole kiasi cha kuhesabu kila pedali, nikahisi kitu. Mguu wa kulia wa kaka, kila unapofika juu, unasita. Kidogo tu, kama mtu anayepiga hodi na kungoja. Kisha unashuka kwa nguvu, kulipia.

Kaka alianguka mkarafuu akiwa na miaka kumi na tisa. Tawi la mkarafuu halikuonyi, likikatika limekatika. Nyumbani tuliambiwa goti limepona, na yeye hajawahi kusema vingine. Ameoa, amejenga, amebeba magunia, nami mdogo wake nimekula naye sahani moja miaka yote hiyo. Leo goti lake limenisemesha kupitia cheni.

Nikaanza kuongeza nguvu pale panaposita.

"Unanisukuma," akasema, hakugeuka.

"Sisukumi, kaka."

"Nakuhisi."

Nikapunguza. Kusita kukarudi. Nikaongeza tena, taratibu zaidi, kama mwizi. Hakusema kitu. Tukapanda hivyo mpaka juu, yeye anajua, mie najua kuwa anajua.

Kilima kilichofuata kilitushinda. Baiskeli ilisimama katikati, na kuanza upya kwenye mwinuko haiwezekani, kwani hata kuiweka pedali mahali pake lazima uinue gurudumu la nyuma. Tukashuka, tukaisukuma. Pembeni mzee mmoja alikuwa anageuza karafuu juu ya jamvi, harufu imejaa njia nzima. Watoto wakamwambia jina la baiskeli. Akatutazama, akatazama kilima.

"Ah. Jongoo hapandi mtungi, wanangu?"

Kaka alicheka mpaka ikabidi aiegemee baiskeli. Nadhani aliegemea zaidi ya kicheko kilivyotaka, lakini siwezi kuapa.

Wete tuliingia jua limeshapanda, tukashuka mpaka karibu na bandari, tukanywa maji ya miwa bilauri mbili mbili. Kurudi tukaipandisha Jongoo juu ya gari ya abiria. Utingo alitaka nauli ya watu watatu, akasema urefu ule ni wa maiti. Tukabishana, tukalipa.

Ndani ya gari kaka alikaa ameunyoosha mguu wa kulia, kiganja juu ya goti, akitazama nje kwenye mikarafuu. Tulikuwa tunakaribia Gombani alipofungua kinywa.

"Jumapili ijayo ukae mbele wewe."

Nikamwambia breki zake sizijui.

"Utazijua," akasema, akafumba macho.