Siku kitufe kilipogoma mbele ya wakaguzi

Juzi binti wa kaka yangu kanitumia meseji, anaanza kazi mwezi ujao, anauliza, "Shangazi, nikinunua tableti yenye kibodi si inatosha? Laptopu ya nini siku hizi?" Nikaanza kujibu, nikafuta, nikaanza tena, maana kila nikitaka kuandika "inatosha" namkumbuka yule mama mkaguzi.

Ilikuwa 2016, mnakumbuka upepo wenyewe ulivyokuwa. Word na Excel zilishaingia kwenye iPad tangu 2014, halafu mwishoni mwa 2015 Apple wakatoa iPad Pro ya inchi 12.9, ina kibodi ya kubandika, ina kalamu, basi kila kona unasikia laptopu zimekwisha. Ofisini wakatugawia, laptopu zikarudi kwa watu wa IT. Na nisiwe mchoyo wa shukrani, mwanzoni raha tupu: imeili, barua, vikao, chaji inakaa kutwa, mgongo umepumzika na lile begi.

Ikafika kufunga mwaka.

Lile faili langu la hesabu wengi mnalijua, nililijenga mwenyewe kidogo kidogo. Lina makro ndani yake, yaani maagizo yanayojiendesha yenyewe, unabonyeza kitufe cha kijani nilichokichora pale juu kulia, linavuta takwimu za kila idara, linazipanga, linakupa mchanganuo. Tumekaa mezani, bosi pembeni yangu, mama mkaguzi mbele, mtu mtaratibu hana makelele, akaweka kidole kwenye mstari wa gharama za usafiri akasema, "Hii naomba nione kila idara imetumia kiasi gani." Ndani ya moyo nikafurahi kabisa, kwa sababu swali hilo ndilo nililolitengenezea kile kitufe. Nikafungua faili, likafunguka vizuri tu, rangi zote zipo, kitufe kipo. Nikagusa. Kimya. Nikagusa tena, kikajizungushia vile vidoti vya kukivuta, yaani tableti inadhani nataka kukihamisha! Nikagusa pembeni vidoti vikapotea, nikagusa kitufe vikarudi. Mama mkaguzi akasogeza miwani, akaangalia skrini, akaniangalia mimi, hakusema neno. Bosi akakohoa.

Basi nikasema nitafanya kwa mkono. Takwimu za idara ziko kwenye faili jingine, na wakati ule iPad ilikuwa inakubali kuweka programu mbili tofauti ubavu kwa ubavu lakini sio mafaili mawili ya Excel, kwa hiyo nafungua hili, nashika namba kichwani, nafunga, nafungua lile, naandika, nikitaka kugusa kisanduku kimoja kidole kinaangukia cha jirani, mausi hakuna. Mwisho nikachukua karatasi na kalamu ya wino. Kuchelewa hakukuniuma sana, kilichoniuma ni kuonekana sizijui hesabu zangu mwenyewe, na zilikuwa sahihi mpaka tarakimu ya mwisho. Kijana wa IT akaletwa mbio na laptopu yangu ya zamani, bahati ilikuwa haijafutwa, tukabonyeza kitufe na mchanganuo ukatokea pale pale, mama akasema "sawa, tuendelee", ikaisha hivyo.

Baadaye sisi wa uhasibu tukarudishiwa laptopu na hakuna aliyetoa maelezo. Excel ya iPad haiendeshi makro, mpaka leo haiendeshi, ingawa mengine yamebadilika mno: tangu 2019 iPad ilianza kuruhusu mafaili mawili ya programu moja kufunguliwa pamoja, kwa programu zinazokubali, Machi 2020 ikaja pedi ya kugusa na mausi inayoeleweka. Zipo pia tableti zenye Windows kamili kama Surface Pro, hizo makro zinaendesha, ila ukishazibandika kibodi na mausi ukaziweka mezani mimi naona umeshanunua laptopu kwa njia ndefu. Sijui, labda nakosea hapo.

Maana kuna yule kaka wa stoo. Yeye aligoma kurudisha tableti yake, na nilipokwenda naye kuhesabu mali nikaelewa kwa nini, amesimama katikati ya rafu, tableti mkono mmoja, anapiga picha boksi lililochanika, anaandika juu ya picha ile ile kwa kalamu, anaipeleka kwa msambazaji kabla hata hatujafika rafu inayofuata. Mimi na laptopu yangu nilikuwa natafuta pa kuiweka, mwishowe nikaipachika juu ya boksi. Ile nayo ni kazi ya ofisi ya kila siku, na ripoti yake ilifika mezani kwa bosi kabla ya yangu.